Nimeleta Unga

Mwalimu Tarsisi alikufa kwa sukari, kitandani kwake, binti yake amemshika mkono, na mimi nilimwonea wivu. Kikundi chetu cha michezo kilikuwa na watu watano, na ni yeye peke yake aliyepata bahati ya kufa kwa ugonjwa. Wawili waliuawa. Tumebaki mimi na Gasuku. Ndiyo maana asubuhi ya siku ya kumaliza kilio, hata maji yangu ya kuoga hayajachemka, dereva wa Gasuku alikuwa amesimama mlangoni kwangu hapa Kamenge na kitenge kipya ndani ya nailoni.

“Mama Yudita, Onorabule anakusalimia.”

“Namusikia.”

“Anasema leo, wakikupa mikro, useme neno. Useme mulikuwa familia moja. Useme na vile mwaka ule aliokoa watu.”

“Aliokoa nani?”

Akacheka kidogo, akatazama viatu vyake. “Mi sijui, mama. Mi nilikuwa sijazaliwa. Nimetumwa tu.”

Kitenge nilikipokea kwa mkono wa kushoto, ule wenye vidole viwili, nikaona anageuza macho. Halafu nikakivaa. Nilitaka Gasuku anione nimekivaa.

Mi niliacha shule darasa la nne, lakini majina najua kuyaandika, na hapa nayaandika kamili kwa sababu nimechoka kusikia habari za watu wasiojulikana. Walijulikana. Gasuku ni Anselme Bizuru, mbunge, na jina la Gasuku, yaani kasuku, alipewa kwa sababu hakuna sauti iliyopita sikioni mwake isibaki. Wa pili ni Renati, dereva wa pikapu ya bluu. Wa tatu ni Fideli, kinyozi. Renati alishakufa, amezikwa na kwaya. Fideli bado ananyoa, na kuna wazazi wanamkalishia watoto wao mbele ya wembe. Na jina la nne ni la mume wangu, Emma, ambaye hakuua mtu, ila mtaa wetu wote unasema ni yeye aliyeuza watu. Kila mwaka kuna misa ya marehemu wa barabara yetu. Goreti, mwenye duka la dawa, anasimama mbele na karatasi yake, anasoma majina. La Emma halimo. Mwaka wa kwanza wa misa hiyo nilimwomba aliongeze, akaniambia mbele ya watu: “Mi nilisikia sauti yake kwa masikio yangu. Ataingiaje na wazazi wangu kwenye karatasi moja?” Tangu siku hiyo hanisalimii, na mi napeleka miguu yangu mbali nikitafuta panadoli.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini, na uliponikuta nilikuwa nacheka. Tulikutana sebuleni kwa Mwalimu, Ngagara, kwenye nyumba zile za zamani zinazofanana. Sakafu ilikuwa ya simenti nyekundu iliyopakwa nta mpaka unateleza na soksi. Meza ilisukumwa ukutani, pazia la dirisha ndilo lilikuwa pazia la jukwaa, na juu ya kabati kulikuwa na redio ambayo Mwalimu aliifunga antena kwa waya wa nguo. Mi nilipika uani kwenye mbabula ya makaa: bugali ya muhogo, ndagala wa ziwani na pilipili, siku nyingine sombe, majani ya muhogo, kama Domina ametoka sokoni mapema. Domina alicheza mama mkwe, alikuwa na mdomo mrefu kuliko sisi wote. Nikisikia nimetajwa ndani naingia na mwiko mkononi nacheza mke, kisha natoka kugeuza bugali. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndagala zinazoungua, nakumbuka maneno ya michezo ile, hata yale ya wengine. Ajabu ni kwamba sura ya Domina siikumbuki tena vizuri. Mdomo wake tu.

Emma alikuwa fundi wa malori. Alishawahi kunyonya mazutu, mafuta ya lori, kwa mpira yakaingia kifuani, na tangu hapo alikuwa anakohoa mara mbili, fupi, kabla ya kusema neno lolote. Jina langu alilivuta mwishoni kama anafunga boliti: Yuditaaa. Mwalimu alikipenda kikohozi hicho akaandika mchezo juu yake. Mlevi katumwa unga tangu asubuhi, anarudi jioni, mke amefunga. Mke anasema sikujui, mume wangu ana sauti nyingine. Mlevi anajaribu sauti ya padri, ya askari, ya mama mkwe, na kila mara mke anakataa, mpaka mwisho anapata ya kwake mwenyewe, “Yuditaaa, fungua, ni mi. Nimeleta unga,” mke anafungua, na unga hakuna. Emma akiucheza mwenyewe anakuwa kama mtu anayesoma barua ya serikali. Basi Mwalimu akampa Gasuku.

“Shemeji, kaa hapa uniambie nikikosea,” Gasuku aliniambia, mdomo umejaa ndagala zangu.

“Unakosea sasa hivi. Anakohoa mbele ya jina, sio nyuma.”

“Hivi?”

“Apana. Ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza. Kama mutu anaomba ruhusa.”

Akaifanya. Emma, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti anafunga kiatu, akageuka nyuma kutazama ni nani amesimama mgongoni kwake. Tulicheka mpaka Domina akatoka nje kujifuta macho. Mi ndiye niliyemfundisha. Watu wakiuliza kwa nini silali, basi ni hilo. Ule mchezo tuliufanyia mazoezi miezi miwili, na hatukuwahi kuuonyesha kwa mtu.

Hatukuuonyesha kwa sababu Renati alikuja kumchukua Gasuku. Walikuwa na mikutano yao ya vijana wa chama, na watu walikuwa wanachelewa kufika. “Kuja utuchekeshee watu mbele ya wakubwa,” Renati alimwambia pale pale sebuleni, kofia haijavuliwa. Mara ya kwanza alirudi na viatu vipya. Mara ya pili alirudi na saa, na tuliona ameacha kuiga wakubwa wa upande wake, anaiga wa upande mwingine tu. Mwalimu akamkaripia. “Anselme, muchekeshaji anawacheka wote, ao anyamaze.” Nilikuwa mlangoni na sufuria, nikasikia jibu lake. “Mwalimu, mutu akicheka anafungua kinywa. Akishafungua, unamutilia chochote, anameza.” Alisema kwa upole, kama anayemfundisha Mwalimu kazi. Siku hizi namsikia redioni akiongea juu ya bajeti, na nasikia pumzi ile ile anayovuta kabla ya kicheko. Wanaosema aliacha usanii akaingia siasa hawajui kitu. Hajawahi kuacha.

Halafu barabara zikaanza kufungwa kwa mawe na matairi, siku moja na vijana wa huku, siku nyingine na vijana wa kule. Domina alipigwa risasi akivuka kutoka sokoni na kikapu cha sombe, na aliyepiga hatukumjua, hilo nalikubali. Mimi na Emma tukabaki Kamenge, Mwalimu Ngagara, na dakika ishirini za kutembea zikawa kama safari ya nchi nyingine. Jumamosi moja, jua liko juu ya kichwa, nilikwenda kutafuta chumvi nikakuta watu wamejaa njia panda. Katikati alikuwepo mwanamume wa makaa, baiskeli yake imelala, magunia yamepasuka. Walishampiga mawe, sikio moja lilikuwa linaning’inia. Alikuwa amepiga magoti anasema, “Wapenzi, mi nauzaka makaa tu. Wapenzi, niko na watoto.” Juu ya debe la mafuta alikuwa amesimama Gasuku, na kila alilosema yule mtu, Gasuku alilirudia kwa sauti yake, na mtetemeko wake, na makamasi yake. “Wapenzi, mi nauzaka makaa tu.” Watu wakacheka. Yule mtu akasikia sauti yake inatoka kwenye kinywa kingine, akainua uso kutafuta. Alikuwa na sura ya mtu aliyeitwa. Na mi kicheko kilinitoka. Kilinitoka kabla sijajua, kama chafya, na bado kilikuwa kinywani Fideli kinyozi alipomshushia mpini wa jembe kwenye shingo. Mara tatu. Ya kwanza haikutosha, ya pili ilitosha, ya tatu sijui ilikuwa ya nini. Nilirudi nyumbani bila chumvi. Nilitapika kwenye ndoo, na Emma akaniuliza nimekula nini.

Wiki zile hatukumfungulia mtu. Kamenge yote ilikuwa hivyo, sauti ndiyo ilikuwa ufunguo. Unasimama nyuma ya bati, unasikiliza, unaulizia jina la mbwa au la shangazi, ndipo unatoa komeo. Emma akasema sisi tuko na kitu kizuri kuliko majina ya mashangazi. “Nikitoka, nikirudi, nasema maneno ya mulevi. Hakuna anayeyajua, mchezo haujatoka.” Nikaona ana akili, na Gasuku hakunijia kichwani. Tulikuwa na watu wa kulinda: Zakaria na mkewe Mama Goreti, majirani wa ua wa pili, ambao Renati alikuwa ameandika jina lao kwenye orodha ya watu wa kuuawa. Walijificha kwetu siku tisa, kwenye chumba cha spea, kati ya matairi. Binti yao Goreti, wa miaka kumi na minne, walimuweka kwa shangazi yake, nyuma ya ukuta wetu, ili kama ni kufa wasife wote. Mama Goreti alikuwa mtu wa utani. Nikimpelekea chakula ananiambia kwa kunong’ona, “Yudita, bugali yako ngumu, Renati atachelewa kutuua, meno yatatangulia.” Zakaria anamziba mdomo kwa kiganja, naye mwenyewe mabega yanatikisika.

Siku ya tisa unga uliisha. Emma alitoka saa tisa za mchana. Saa kumi mvua ikaanza, ile mvua inayopiga bati mpaka hamsikilizani. Ilipopungua kidogo, nikasikia kikohozi mlangoni. Mara mbili. Ya pili ndogo kuliko ya kwanza.

“Yuditaaa. Fungua, ni mi. Nimeleta unga.”

Alisema kwa nguvu, kuliko Emma alivyokuwa anasema, na mi nikafikiri ni kwa sababu ya mvua. Nilitoa komeo. Wa kwanza kuingia alikuwa Fideli. Panga lilikuwa linaelekea kichwani kwangu, nikainua mkono, na vidole vitatu vikaanguka kwenye tope mbele ya macho yangu kama vitu vya mtu mwingine. Nyuma yake Renati. Nyuma ya Renati, na koti la mvua lililofungwa vizuri mpaka kidevuni, Gasuku. Hawakuuliza kitu, walienda moja kwa moja chumba cha spea. Zakaria walimuua kwa chuma cha kwetu, kile cha kufungulia magurudumu. Mama Goreti alipiga kelele mara moja tu, aliita jina la binti yake, na nyuma ya ukuta nikasikia kitu kama mnyama aliyezibwa mdomo. Huyo alikuwa Goreti. Alisikia vyote. Alisikia mume wangu anaomba kufunguliwa, akasikia wazazi wake wanakufa, na katikati hakuna alichoona.

Fideli akanirudia. Gasuku akamshika mkono. “Huyu muache. Ni mupishi wetu.” Maneno hayo ndiyo uhai wangu. Ndani yake nimezeeka.

Emma alifika hawajaondoka. Aliingia anakimbia, alikuwa ameona mlango wazi, mfuko wa unga kichwani. Hakupata nafasi ya kukohoa. Renati alimpiga na kile chuma kwenye kifua, kisha usoni, na kila pigo nilisikia limeingia. Wakamtupa kwenye pikapu wakamfunika turubai, pikapu ikashuka njia ya Buterere, kwenye mashamba ya mpunga, na mpaka leo sijui nilie nimeangalia wapi. Mfuko wa unga ulikuwa umebaki umesimama pale, haujapasuka. Gasuku aliubeba begani. Alikwenda nao.

Wakati wangu wa hospitali mtaa ulishakata kesi. Sauti ya Emma imesikika, mlango umefunguka, Zakaria na mkewe wamekufa, Emma haonekani. Wakasema amevuka mpaka, yuko Uvira, anakula alicholipwa. Nilisema ukweli, wakanijibu mke lazima atetee mumewe. Mwalimu Tarsisi peke yake aliamini, alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akalia. Kisha akasema, “Nyamaza, mwana wangu. Utaishi.” Mtu aliyeyaandika yale maneno kwa mkono wake, angesimama siku moja tu aseme kuna watu watano waliojua mchezo ule. Hakusimama. Alimwalika Gasuku kwenye harusi ya binti yake. Namlilia kwa sababu alinilisha maneno nikiwa sina shule, na sitamsamehe.

Basi siku ya kumaliza kilio hema nyumbani kwa Mwalimu lilijaa. Wa Kamenge walikuja wengi, aliwafundisha karibu wote, na Goreti alikuwa safu ya tatu na pochi yake magotini. Gasuku alikaa mbele na walinzi wake wawili. Aliona kitenge, akanipungia. Aliongea kwanza yeye. Alisema Mwalimu alimfundisha amani, alisema mwaka ule mbaya alitumia sauti yake kuokoa majirani, na kwamba shahidi wake yuko hapa. Wakanipa mikro.

“Onorabule amesema kweli, tulikula sahani moja,” nilisema. “Lakini Mwalimu amekwenda na deni letu moja. Kuna mchezo aliuandika, hatukuuonyesha. Wa mulevi. Mi nilikuwa muke. Onorabule, tumuchezee Mwalimu wetu, tumuage.”

Watu wakapiga makofi. “Gasuku! Gasuku!” Uso wake ulitulia kidogo, akanitazama, akatazama simu zilizoinuliwa. Angeweza kukataa. Alicheka, akasimama, akafunga kifungo cha koti. Alianza na padri, hema likaanguka kwa vicheko. Nikamjibu, “Sikujui! Mume wangu ana sauti nyingine.” Akafanya askari. “Sikujui!” Akafanya mama mkwe, Domina mtupu, mdomo ule, na mi nikasema, “Sikujui!” Wamama walikuwa wanapigana mabega. Alikuwa na jasho, macho yanang’aa, ana miaka ishirini na mitano tena. Akajaribu sauti ya mlevi wa kawaida, ya kila mlevi, “Fungua bana, ni mi.”

“Apana,” nikasema. “Mume wangu anakohoa mbele ya jina. Na ya pili ni ndogo.”

Nilidhani hapo atakumbuka. Lakini watu walikuwa wanamngoja, vinywa wazi, na mtu yule hajawahi kuacha watu wakimngoja. Alivuta pumzi. Akakohoa mara mbili.

“Yuditaaa. Fungua, ni mi. Nimeleta unga.”

Vijana walicheka, wa Ngagara walicheka. Kicheko kikaenda mpaka safu ya tatu, hapo kikakatika. Wazee wa Kamenge walikuwa wananitazama, si yeye. Miaka zaidi ya thelathini, na Emma amesimama ndani ya hema anaomba kufunguliwa. Mwisho wa mchezo ule mke anafungua mlango.

“Siku ile nilifungua,” nikasema, nikaiweka mikro mezani.

Goreti alikuwa ameshasimama. “Onorabule,” alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. “Rudia.”

Gasuku alifungua kinywa kumjibu. Kisha akaona ni binti wa Zakaria. Akakifunga, akatafuta walinzi wake kwa macho, na gari likaja mpaka karibu na vyungu vya chakula kumchukua. Sidanganyi mtu: bado ni mbunge, na juzi nilimsikia redioni. Hakuna aliyemshika. Lakini siku ile, watu wanagawiwa wali, Goreti alikuja akakaa kiti cha pembeni yangu. Hakunishika mkono, hakuniomba msamaha, na mi sikutaka. Alifungua pochi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, na biki.

“Emma, jina lake la ubatizo lilikuwa nani?”

“Emanueli.”

“Na la kwao?”

“Bukuru.”

Karatasi ilikuwa inateleza juu ya goti lake. Nikamshikia kwa vidole vyangu viwili, akaandika.